Mbeyu Moja ya Watu Wote: Fundisho la Dhambi ya Asili katika Ugogo tangu Mwaka 1878

1. Utangulizi

Ukristo ulipoanza kuhubiriwa katika nyanda za kati za Tanganyika, fundisho lake kuhusu mtu wa kwanza na kosa lake halikuingia mahali patupu. Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, kijulikanacho kwa ufupisho wa CMS, kilijenga kituo cha kudumu Mpwapwa mwaka 1878, na mwaka 1900 kikafungua kituo cha Mvumi, kusini-mashariki mwa mahali ulipo mji wa Dodoma. Watu waliohubiriwa katika vituo hivyo walikuwa na maelezo yao kuhusu kosa la mtu mmoja na namna linavyoweza kuwadhuru watu wengi wasiokosa. Walikuwa pia na maelezo yao kuhusu mambo ambayo mtu huyapata kwa kuzaliwa tu, bila kuyachagua.

Imezoeleka kudhaniwa kwamba dhambi ya asili ni fundisho gumu kwa Mwafrika, kwa hoja kwamba mila za Kiafrika hazijui hatia ya kurithi. Insha hii inadai kwamba dhana hiyo ni kweli nusu tu. Wagogo walikuwa na sehemu zote mbili zinazolijenga fundisho hilo, lakini walizitenga. Athari ya kosa kwa wasiokosa ilikuwa mali ya nchi. Urithi kwa njia ya kuzaliwa ulikuwa mali ya ukoo. Jambo jipya lililoletwa na mahubiri lilikuwa kuziunganisha sehemu hizo katika mtu mmoja, Adamu, na kuwafanya watu wote kuwa ukoo mmoja. Muungano huo ulikuwa na matokeo katika maisha, hasa penye ukame, njaa na vifo vya watoto, kwa kuwa ulibadili jibu la swali zito: nani alaumiwe?

2. Fundisho lenyewe na historia yake

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 3, kinasimulia kuasi kwa Adamu na Hawa na kufukuzwa kwao bustanini. Masimulizi hayo hayasemi kwamba hatia yao imepitishwa kwa watoto wao. Yanataja uchungu wa uzazi, ardhi iliyolaaniwa, jasho na mauti. Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi, sura ya 5, ndiye aliyemlinganisha Adamu na Kristo na kusema kwamba dhambi na mauti viliingia ulimwenguni kupitia mtu mmoja.

Fundisho la urithi lilipata umbo lake Afrika ya Kaskazini. Agostino (354–430), askofu wa Hippo, katika nchi ambayo leo ni Aljeria, alisoma tafsiri ya Kilatini ya Warumi 5:12 iliyoweza kueleweka kuwa watu wote walitenda dhambi ndani ya Adamu. Matini ya Kiyunani yanaelekea zaidi kwenye maana ya sababu: mauti yamewafikia wote kwa kuwa wote wametenda dhambi. Biblia za Kiswahili zimefuata maana hiyo ya Kiyunani. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hakuyakuta mafundisho ya Agostino yakiwa wazi ndani ya aya; ilimbidi afundishwe na katekista.

Mtaguso wa Kartago wa mwaka 418 ulipinga mafundisho ya Pelagio, aliyeona kwamba kosa la Adamu lilimdhuru Adamu mwenyewe na kuwaachia wengine mfano mbaya tu. Mtaguso wa Trento ulitoa tamko lake mwaka 1546 na kusisitiza kwamba dhambi hiyo hupitishwa kwa uzazi, wala si kwa kuiga. Kanisa la Uingereza liliandika jambo linalokaribiana na hilo katika Kifungu cha 9 cha Vifungu 39 vya Imani. Makanisa ya Mashariki, kwa upande wao, yaliendelea kusema kwamba binadamu hurithi mauti na udhaifu, lakini si hatia ya Adamu. Tofauti hizo zinaonyesha kwamba ndani ya Ukristo wenyewe mambo mawili yaliweza kutenganishwa: umoja wa watu wote katika mzazi mmoja, na namna kosa la mzazi linavyowafikia watoto.

3. Yisi na mbeyu: mgawanyo wa mawazo ya Wagogo

Mawazo ya Wagogo yaliandikwa kwa nyakati tofauti. Mmisionari Henry Cole alichapisha maelezo yake mwaka 1902. Mathias Mnyampala, Mgogo, mshairi na mtumishi wa serikali, alichapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika mwaka 1954. Mwanaanthropolojia Peter Rigby alifanya utafiti wake mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu kuhusu ng'ombe na udugu mwaka 1969, baada ya makala yake ya mwaka 1968 kuhusu kafara za utakaso.

Katika maelezo ya Rigby, dhana ya kwanza muhimu ni yisi, yaani nchi. Kila nchi ilikuwa na mipaka yake na mtemi wake, mwenye kiti cha mamlaka na mawe ya mvua. Ustawi wa nchi ulitegemea hali yake ya kiibada, iliyoitwa mbeho, neno ambalo pia lina maana ya upepo. Mbeho ikiwa njema, mvua hunyesha, ng'ombe huzaa na watu huwa na afya. Mbeho ikiharibika, madhara humpata kila akaaye ndani ya mipaka, awe mwenyeji au mgeni, mkosaji au asiye na kosa. Chanzo kingeweza kuwa kosa la mtu, lakini pia kingeweza kuwa tukio lisilo na mkosaji, kama uzazi uliohesabiwa kuwa si wa kawaida.

Dawa yake ilikuwa kuiondoa hali hiyo katika nchi. Rigby anaeleza ibada ambayo wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha na kufanya kazi za wanaume, kisha wakacheza kuelekea magharibi ili kuitupa hali mbaya nje. Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa hapa. Kwanza, uovu ulikuwa na mahali; uliweza kuchukuliwa na kupelekwa mpakani. Pili, haukurithiwa. Mtoto aliyezaliwa baada ya utakaso alizaliwa katika nchi safi.

Dhana ya pili ni mbeyu. Neno hili ni ndugu wa neno la Kiswahili mbegu, na kwa Cigogo hutumika pia kwa maana ya ukoo. Mtu aliipata mbeyu kwa baba yake, na pamoja nayo alipata muzilo, yaani mwiko wa ukoo. Hakuuchagua mwiko huo wala hakuuliza ulianza kwa kosa la nani, alizaliwa nao. Lakini koo zilikuwa nyingi, na simulizi za koo, kama Mnyampala na Rigby walivyozikusanya, ni simulizi za safari: huyu alitoka Uhehe, yule alitoka upande wa Unyamwezi, mwingine alitoka kwingine. Hata jina Wagogo husemwa kwamba lilitolewa na wasafiri wa misafara, wala si jina la babu. Hapakuwa na mtu wa kwanza ambaye koo zote zingejihesabu kuwa uzao wake. Urithi wa mbeyu uliwatenganisha watu. Nchi ndiyo iliyowaunganisha.

Kwa hiyo Mgogo aliyesikia habari za Adamu kwa mara ya kwanza hakushangazwa na mtu mmoja kuwaponza wengi, kwa kuwa jambo hilo alilijua katika yisi. Wala hakushangazwa na mtoto kuzaliwa na jambo asilolitenda, kwa kuwa hilo alilijua katika muzilo. Jambo geni lilikuwa kuambiwa kwamba uharibifu wenyewe hurithiwa kama mwiko, kwamba mbeyu yake na ya jirani yake ni moja, na kwamba hakuna mpaka wa magharibi ambako uharibifu huo unaweza kutupwa.

4. Maneno yaliyobeba fundisho

Fundisho hilo lilihubiriwa kwa Cigogo na kwa Kiswahili, na kila lugha ililipa uzito tofauti. Kwa Cigogo mtu ni munhu, neno lenye mzizi wa Kibantu lisilotaja babu yeyote. Kwa Kiswahili mtu ni mwanadamu au binadamu, yaani mtoto wa Adamu. Mhubiri wa Kiswahili hakuhitaji kuthibitisha kwamba watu wote ni uzao wa Adamu. Lugha yenyewe ilikwisha kumsaidia. Mhubiri wa Cigogo alilazimika kuanza na nasaba.

Msaada huo wa Kiswahili ulikuwa na sharti lake. Neno mwanadamu, kama neno dhambi lenyewe, limeingia katika Kiswahili kupitia Kiarabu na ustaarabu wa Kiislamu. Katika Uislamu, Adamu alikosa, akatubu na akasamehewa. Kosa lake halikurithiwa, na hakuna mbebaji abebaye mzigo wa mwingine. Jambo hili halikuwa la mbali kwa watu wa nyanda za kati. Njia ya misafara ilipita Ugogo, na huko Kondoa, kaskazini mwa Dodoma, wengi wa Warangi waliupokea Uislamu. Hivyo Mkristo wa Ugogo alipokutana sokoni na Mrangi Mwislamu, walishiriki neno moja, mwanadamu, wakiwa na mafundisho mawili kuhusu urithi wa mwanadamu huyo.

Neno la tatu, asili, lina utata wa aina nyingine. Katika istilahi dhambi ya asili, linakusudiwa kutaja chanzo: dhambi ya mwanzo. Lakini asili ni pia maumbile, na mtu angeweza kuelewa kwamba dhambi ni sehemu ya umbo la binadamu kama alivyoumbwa, jambo ambalo Agostino mwenyewe alilikana alipobishana na Wamani. Isitoshe, Kiswahili cha karne ya 20 kilizoea kusema dini za asili, dawa za asili na ngoma za asili, kwa maana ya mambo ya wenyeji kabla ya kuja kwa wageni. Katika mazingira ambayo ngoma na matambiko yalikatazwa kwa waongofu, dhambi ya asili iliweza kusikika kuwa dhambi ya mambo ya asili: kosa la mababu wa Kigogo, si la baba wa watu wote. Usikivu wa namna hiyo ulipindua fundisho juu chini. Fundisho lililokusudiwa kumweka mmisionari na mwongofu chini ya hukumu moja liligeuka kuwa hukumu ya upande mmoja.

5. Makanisa mawili na mtoto mchanga

Mwaka 1927 Dayosisi ya Tanganyika ya Kati iliundwa kwa kutengwa na Dayosisi ya Mombasa, makao yake yakiwa Dodoma, na George Chambers kutoka Australia akawa askofu wake wa kwanza. CMS ya Australia ilichukua dhamana ya kazi ya Kianglikana katika eneo hilo, ikiwa na msimamo wa kiinjili uliosisitiza upotevu wa kila mtu na haja ya kuongoka binafsi. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, Dodoma ilifanywa eneo la kitume mwaka 1935 chini ya Wapasionisti wa Italia, na mwaka 1953 ikawa jimbo kamili.

Makanisa yote mawili yalibatiza watoto wachanga, lakini msisitizo wao haukuwa mmoja. Kwa Wakatoliki, ubatizo huondoa dhambi ya asili, na penye hatari ya kifo mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa anaweza kubatiza. Katika nchi ambayo watoto wengi walikufa kabla ya kutembea, kanuni hiyo ilikuwa jambo la usiku wa manane katika nyumba za watu. Mama aliyefiwa na mtoto asiyebatizwa aliachiwa swali ambalo mila ya Kigogo haikuwa imemwuliza. Wanateolojia wa Magharibi walikuwa wamelijibu kwa karne nyingi kwa kutaja limbo, mahali pasipo mateso na pasipo kumwona Mungu, bila Kanisa kulifanya jibu hilo kuwa imani ya lazima. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Vatikani ilitoa waraka uliosema kwamba kuna misingi ya kutumaini wokovu wa watoto hao. Kabla ya hapo, Katekisimu ya mwaka 1992 ilikuwa imekwisha kueleza kwamba dhambi ya asili huitwa dhambi kwa ulinganisho tu: ni hali iliyopokewa, si tendo lililotendwa.

Ufafanuzi huo wa hali unakaribia mbeho kuliko unavyokaribia hatia ya mahakamani. Hali mbaya ya nchi haikumhukumu mtoto, ilimzunguka. Tofauti inabaki kwamba mbeho ilikuwa nje ya mtu na dhambi ya asili imo ndani yake, lakini katekista aliyejua lugha zote mbili alikuwa na daraja la kuvukia.

Kwa Waanglikana mkazo ulihama zaidi kwa nguvu ya Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaingia Tanganyika kupitia pande za magharibi ya Ziwa Viktoria. Walokole walitubu hadharani na kwa kutaja: wizi, uzinzi, chuki, uganga. Dhambi ikawa na jina, tarehe na mwenyewe. Toba ya namna hiyo ilimpa mtu wa kawaida, mwanamke au kijana, sauti mbele ya wachungaji na wamisionari, nao baadhi yao walitubu kiburi chao mbele ya Waafrika. Lakini ilipunguza nafasi ya Adamu katika mahubiri. Aliyekwisha kutubu makosa yake mwenyewe hakuwa na sababu kubwa ya kuuliza kuhusu kosa la mzazi wa kwanza.

6. Njaa na swali la lawama

Umuhimu wa mabadiliko haya unaonekana vizuri zaidi penye njaa. Nyanda za kati hupata mvua kidogo na isiyo na uhakika, na njaa zimekuwa sehemu ya kumbukumbu zake, kila moja na jina lake. Kubwa iliyo ndani ya kumbukumbu hiyo ni Mtunya, ya miaka 1917 hadi 1920. Maddox (1990) ameonyesha kwamba ukame peke yake hauielezi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua iliposhindwa, watu hawakuwa na akiba wala mifugo ya kubadilisha na chakula. Kwa makadirio yake, watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 walikufa.

Mfumo wa yisi ulitafuta chanzo cha ukame ndani ya mipaka: nani ameiharibu nchi? Uzuri wake ulikuwa kwamba utakaso ulifanywa na wote kwa ajili ya wote. Hatari yake ilikuwa kwamba penye shida isiyokwisha, kidole kingeweza kumwangukia mmoja, hasa mwanamke mzee au mtu asiye na jamaa wa kumtetea. Fundisho la Adamu, likisomwa kwa ukamilifu, lilikuwa na uwezo wa kukiondoa kidole hicho. Ikiwa watu wote wameharibika kwa pamoja, hakuna mmoja anayeweza kutengwa kuwa ndiye mharibifu. Mshtaki na mshtakiwa wamo katika mbeyu moja. Hapa ndipo fundisho lionekanalo kuwa kali kuliko yote katika Ukristo linapokuwa kinga ya mnyonge.

Hata hivyo kinga hiyo ilifanya kazi pale tu fundisho lilipohubiriwa katika upana wake. Likifupishwa kuwa orodha ya makosa ya mtu binafsi, utafutaji wa mkosaji ulirudi kwa mlango mwingine. Likifupishwa kuwa hukumu ya mila, waliolaumiwa walikuwa mababu. Na katika mifumo yote miwili, wa yisi na wa kanisa, palikuwa na uwezekano wa kuwasahau waliobeba ng'ombe na nafaka. Kusema kwamba wote wametenda dhambi hakufuti wajibu wa kusema nani alitenda nini mwaka 1917. Mapokeo ya Agostino hayakulazimisha usahaulifu huo, kwa kuwa yalitofautisha dhambi ya asili na dhambi ya kutenda. Tatizo lilikuwa la mahubiri, si la fundisho.

7. Mtu wa kwanza wa vitabu vya shule

Baada ya uhuru, swali la mtu wa kwanza lilipata msemaji mwingine, yaani somo la historia. Fuvu la Zinjanthropus lilipatikana Olduvai mwaka 1959 na Mary Leakey, likakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 1.75, nyayo za Laetoli, zenye umri wa takribani miaka milioni 3.6, zilifukuliwa kuanzia mwaka 1978. Mwanafunzi wa Dodoma alifundishwa darasani kwamba mwanzo wa binadamu umo katika nchi yake mwenyewe, kisha akafundishwa kanisani habari za bustani ya Edeni.

Upande wa Kanisa Katoliki, waraka Humani Generis wa Papa Pius XII, wa mwaka 1950, uliruhusu utafiti kuhusu chanzo cha mwili wa binadamu, lakini ukaonya dhidi ya wazo la wazazi wa kwanza wengi, kwa sababu haukuona namna ya kulipatanisha na dhambi ya asili. Wanateolojia wa baadaye wameendelea kujadili kama umoja wa watu wote unategemea kweli mzazi mmoja wa mwili. Katika mjadala huo, historia ya Ugogo ina neno la kuchangia. Koo zilizotoka pande mbalimbali, bila babu mmoja, ziliweza kuwa watu wa nchi moja na kubeba pamoja matokeo ya kosa la mmoja. Umoja wao katika madhara na katika utakaso haukutokana na damu, ulitokana na kuishi chini ya mbeho moja. Mfano huo hautatui swali la kiteolojia, lakini unaonyesha kwamba mshikamano wa binadamu katika uovu unaweza kufikirika bila nasaba moja.

8. Hitimisho

Insha hii imejaribu kuonyesha kwamba fundisho la dhambi ya asili lilipokewa Ugogo kwa kupitia dhana zilizokuwapo, wala si kwa kuzifuta. Yisi ilitoa wazo la kosa linalowafikia wasiokosa. Mbeyu ilitoa wazo la jambo linalopatikana kwa kuzaliwa. Mahubiri yaliyaunganisha mawazo hayo na kuipanua mbeyu hadi kuwahusu watu wote. Kiswahili kilisaidia kwa neno mwanadamu na kutatiza kwa neno asili. Ubatizo wa watoto na toba ya hadharani vililipeleka fundisho hilo katika njia mbili tofauti, moja ikisisitiza hali, nyingine tendo.

Kuna jambo moja linalofuata kwa vyuo vya teolojia vya nyanda za kati, kama vile Msalato na Kongwa. Mafundisho kuhusu Adamu yakianzia kwenye Vifungu vya Imani na tamko la Trento pekee, mwanafunzi hupewa jibu la swali lililoulizwa Kartago. Yakianzia kwenye yisi na mbeyu, hupewa pia jibu la swali ambalo bado linaulizwa vijijini kila mvua inapochelewa, na ambalo wazee wasio na mtetezi wanaendelea kulilipia: nani ameiharibu nchi?